Binti aliyevuka mupaka wa Korea

Vijana wengi wanatuuliza: mukristu anaweza kuingia mu politike bila kujichafua? Tuwasimulie habari ya binti mumoja wa Korea ya Kusini, Mukatolika, jina lake Lim Su-kyung. Musiharakishe kumusifu, wala kumuhukumu.

Inchi ya Korea ilikatwa vipande viwili mu mwaka 1945. Vita ya 1950 mpaka 1953 ilikwisha kwa kusimamisha bunduki tu; mapatano ya amani hayakuandikwa. Tangu pale, mutu wa Kusini akienda Kaskazini bila ruhusa, ni buloko. Wamama walizeeka bila kujua kama watoto wao wa ngambo ile wangali wazima.

Mu mwaka 1989 Su-kyung alikuwa anasoma Kifaransa kwenye iniversite moja ya Seoul. Chama cha wanafunzi kilimutuma kwenye sikukuu ya vijana wa dunia kule Pyongyang, muji mukubwa wa Kaskazini. Toka Seoul ni karibu kilometa 200 tu. Yeye alizunguka Tokyo, kisha Berlin, ndipo akafika.

Watu wa Kaskazini walishangaa. Binti wa miaka 20, amevaa jinzi, anasema bila kusoma karatasi! Na jambo lingine, walilisimulia wale waliokimbia kisha: waliona wazazi wake wangali wanakaa kwao Seoul. Kaskazini, kosa la mutoto mumoja linaweza kupeleka jamaa lote kambini. Wakubwa wa Kaskazini walitaka aonyeshe ubaya wa Kusini. Wananchi walijifunza kingine.

Kwa kurudi hakutaka kuzunguka tena. Mapadri wa Kusini wanaotetea haki walimutuma Padri Moon Kyu-hyun amusindikize. Tarehe 15 Agosti 1989, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, na tena siku Wakorea wanakumbuka kukombolewa mu mikono ya Wajapani, wote wawili walivuka kwa miguu kule Panmunjom. Pale mupaka ni kamustari ka simenti, hata mutoto anakaruka. Walishikwa palepale. Binti alikatiwa miaka 5. Walimuachilia mwisho wa 1992. Mukubwa wa wanafunzi aliyemutuma, Im Jong-seok, naye alifungwa. Mwaka 2000 wananchi walimuchagua mbunge, na toka 2017 mpaka 2019 aliongoza ofisi ya Prezidenti Moon Jae-in.

Su-kyung mwenyewe aliingia Bunge mu 2012, kwa liste ya chama cha upinzani. Siku chache tu zilipita. Alikutana na mwanafunzi mumoja aliyekimbia Kaskazini, wakagombana, akamutukana, akawaita wakimbizi wasaliti. Magazeti yaliandika. Aliomba musamaha.

Hapo sisi tunashika kichwa. Mutu aliyekaa buloko kwa ajili ya wandugu wa Kaskazini, anamuona mumoja wao mbele yake, na hamutambui! Labda ilikuwa hasira ya dakika moja. Lakini kijana yule naye alihatarisha roho yake ili atoke, na hakukuwa padri wa kumushika mukono.

Alimaliza miaka yake 4 mu Bunge, akatoka 2016.

Vijana, mu kikundi chenu muulizane: mukimbizi yule angekaa mbele yenu, mungemuambia nini? Na mama mbunge je? Mutuandikie.