Kwikwi isiyokoma: pale chanzo kinapokuwa ubongoni

Kwikwi, ambayo baadhi yetu huiita kekevu au chechevu, ni jambo la kuchekesha kwa muda wa dakika tano. Mtoto mchanga hubandikwa uzi uliolowanishwa kwenye paji la uso, mtu mzima hunywa maji huku amebana pumzi, na mambo huisha. Lakini kwa kibarua wa Afrika Mashariki katika maghala ya Al-Sulay, mjini Riyadh, ambaye hajala wala kulala vyema kwa siku ya tatu kwa sababu ya kwikwi, uzi hautoshi. Kitabibu, kwikwi iliyopita saa 48 huhitaji kuchunguzwa.

Kwikwi hutokea pale kiwambo, yaani msuli utenganishao kifua na tumbo, kinapojikunja ghafla na mlango wa pumzi kooni ukafunga papo hapo. Neva zinazohusika huongozwa kutoka shina la ubongo. Ni kweli kwamba mara nyingi chanzo huwa tumboni, hasa asidi inayopanda kooni, na daktari hafanyi vibaya kuanzia huko. Hatari ni kuishia huko.

Kiharusi cha shina la ubongo chaweza kuleta kwikwi. Vilevile uko ugonjwa uitwao nyuromielitisi optika, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva za macho, uti wa mgongo na sehemu za ubongo. Ugonjwa huu, unaowapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, wakati mwingine huanza kwa kwikwi na kutapika kwa majuma kadhaa. Mgonjwa hupewa dawa za tumbo, hali ikatulia, kisha siku moja macho yakaingia giza. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2015 vinaitaja kwikwi isiyo na maelezo mengine miongoni mwa dalili zake kuu, na kipimo cha damu kipo. Ukigunduliwa mapema, hutibiwa kwa dawa za steroidi na za kudhibiti kinga.

Kuhusu kwikwi yenyewe, klopromazini ni dawa ya zamani, ila huweza kushusha shinikizo la damu. Madaktari wengi hutumia baklofeni au gabapentini; utafiti wa China wa mwaka 2014, kwa wagonjwa 30 wa kiharusi, uliipa baklofeni alama nzuri. Hata hivyo baklofeni huleta usingizi, na ni hatari kwa mwenye figo dhaifu. Si dawa ya kuazimana chumbani.

Aliyeko Riyadh au Jeddah anaweza kupiga 937, simu ya ushauri ya Wizara ya Afya ya Saudia. Lakini kwikwi ikiandamana na kizunguzungu kikali, ganzi ya uso, chakula kukwama kooni, kuona viwiliviwili au mwendo wa kuyumba, asisubiri saa 48: apige 997, gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu, na aeleze dalili hizo zote, asitaje kwikwi peke yake.