Kawia Ufike: Tumfanyeje Njiwa Aliyechelewa?

Mfugaji mmoja wa kartie Mudzipela, hapa Bunia, mkoani Ituri nchini Kongo, aliniletea swali pamoja na ndege mwenyewe, kamfungia ndani ya katoni ya sabuni aliyoitoboa matundu. Siku tano nyuma alikuwa amempa dereva wa lori kikapu chenye njiwa sita, awafungulie Komanda saa moja asubuhi. Watano walitua juu ya banda lao saa mbili na robo. Wa sita, jike la kijivu, alitokea siku ya nne, jua likizama.

"Dokta," aliniuliza, "huyu nimweke, ao Jumapili nimle na bugali?"

Wahenga walisema kawia ufike. Walikuwa wakimwambia msafiri. Mfuga njiwa wa mashindano hawezi kuipokea methali hiyo kirahisi, maana mchezo wake wote ni kupima nani kakawia na kwa kiasi gani.

Ubelgiji, iliyotutawala hadi 30 Juni 1960, ni miongoni mwa nchi zinazosifika zaidi kwa mchezo huu. Huko njiwa husafirishwa kwa malori hadi Ufaransa au Uhispania, hufunguliwa kwa pamoja, na kila mmoja huelekea banda lake. Kwa kuwa mabanda yametawanyika, mshindi si lazima awe wa kwanza kutua. Umbali wa kila ndege hadi bandani mwake, kwa mita, hugawanywa kwa dakika alizotumia, na mwenye mwendo mkubwa ndiye bingwa. Siku nzuri, mita 1,000 hadi 1,500 kwa dakika si ajabu. Novemba 2020, jike wa Kibelgiji aitwaye New Kim aliuzwa mnadani kwa euro milioni 1.6. Penye fedha za namna hiyo wanaochelewa hawavumiliwi sana: msimu ukiisha, banda hupunguzwa.

Wafugaji wetu wameisikia kanuni hiyo na wengine wanataka kuifuata ilivyo. Mimi nasema hesabu ya Wabelgiji tuichukue, ila kisu tukiache kwanza mezani.

Tuanze na hesabu hiyo. Kutoka Komanda hadi Bunia, kwa mstari ulionyooka, ni yapata kilomita 60. Wale watano walitumia dakika 75, yaani mita 800 kwa dakika, na mwenyewe alikuwa akinung'unika kwamba nao ni wazito. Lakini mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba njiwa wanaoijua njia mara nyingi hufuata barabara, hata hukata kona pale barabara inapokata. Barabara ya Komanda ni kama kilomita 75. Ikiwa waliifuata, waliruka mita 1,000 kwa kila dakika, na hapo hakuna mzito hata mmoja. Kabla ya kumwita ndege mchelewaji, jiulize kwanza alisafiri umbali gani hasa.

Jambo la pili ni kuishtaki siku kabla ya kumshtaki ndege. Tarehe 29 Juni 1997, chama cha mashindano ya njiwa cha Uingereza kiliadhimisha miaka 100 kwa kufungua zaidi ya njiwa 60,000 mjini Nantes, Ufaransa. Maelfu kwa maelfu hawakuonekana tena, wakiwemo ndege wenye sifa. Mwanajiolojia wa Marekani, Jonathan Hagstrum, baadaye alitoa hoja kwamba mshindo wa ndege ya abiria ya Concorde uliivuruga mivumo mizito ya chini, ambayo sikio la binadamu haliisikii lakini njiwa huitumia kutambua kwao. Hoja yake bado inabishaniwa. Somo la siku hiyo halibishaniwi: kundi zima likipotea, kosa si la ndege mmoja mmoja. Akichelewa mmoja na wenzake watano wamefika, hapo ndipo pa kuchunguza.

Na uchunguzi unataka tujue njiwa anaionaje njia. Hana ramani moja, ana dira kadhaa zinazosaidiana. Ya kwanza ni jua. Katika miaka ya 1950, watafiti wa Kijerumani Gustav Kramer na Klaus Schmidt-Koenig walionyesha kwamba ndege husoma jua kwa kulilinganisha na saa iliyo mwilini. Njiwa akifungiwa kwenye chumba chenye taa zinazomsogezea saa hiyo kwa saa sita, akifunguliwa siku ya jua hupotoka karibu robo ya duara. Ya pili ni usumaku wa dunia: mwaka 1971 William Keeton, huko Marekani, aliwafunga njiwa vipande vya sumaku, siku za jua waliipata njia, siku za mawingu wengi walichanganyikiwa. Ya tatu ni pua. Floriano Papi na wenzake wa Pisa, Italia, waligundua mwaka 1972 kwamba njiwa asiyeweza kunusa hupata shida kubwa kurudi kutoka mahali asipopajua.

Sasa zilete dira hizo Ituri. Bunia iko kama digrii moja na nusu tu kaskazini mwa ikweta. Karibu na mwisho wa Machi, na tena katika Septemba, jua letu la saa sita mchana husimama utosini, na kivuli cha mtu hujificha chini ya viatu vyake. Siku hizo jua hukaa mashariki asubuhi nzima, kisha kwa muda mfupi linavuka kichwa na kuwa magharibi. Mbelgiji hana tatizo hilo, kwake jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Kwetu, dira ya jua ni nzuri asubuhi na jioni, na dhaifu kabisa katikati. Ongeza mvua zetu za alasiri, zinazoshuka na radi kuanzia Machi au Aprili hadi Novemba, utaona kwa nini nasema kikapu kifunguliwe asubuhi mapema. Aliyewafungulia njiwa wake saa sita mchana kisha akalaumu kuchelewa kwao, ajilaumu mwenyewe.

Ardhi nayo ina mitego yake. Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, ni karibu nasi kuliko Komanda, lakini ziwa liko mita 619 juu ya usawa wa bahari na Bunia iko karibu mita 1,275. Njiwa anayetoka huko hupandisha ukingo wa bonde la ufa akiwa na mwili uliokaa kikapuni usiku kucha. Magharibi, ukipita Komanda, unaingia msitu wa Ituri, ambao kwa njiwa aliyezoea nyasi na mabati ni nchi ngeni. Karibu na mji kuna mikaratusi, na kwenye mikaratusi hupenda kujenga kipanga mkubwa mweusi mwenye tumbo jeupe, ambaye chakula chake kikuu ni njiwa na jamaa zake. Mwewe tunayemwona sokoni akinyakua mabaki ya nyama si wa kuogopwa kiasi hicho.

Halafu kuna sisi binadamu. Katika mji wenye familia nyingi zilizokimbia vijiji vyao, njiwa anayetua kunywa maji ni kitoweo kilichojileta. Watoto wana manati, vijana wana tanzi za uzi. Wengi tunaosema wamepotea hawakupotea, waliliwa. Kwa hiyo anayerudi baada ya wiki mbili na uzi mguuni, au manyoya ya mabawa yamekatwa na kuanza kuota upya, huyo alishikwa, akafungwa, akangoja, akatoroka, na bado akakumbuka nyumbani. Kumchinja huyo ni kuchinja kile hasa unachokitafuta.

Historia inaye mfano wake. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walikuwa na njiwa wa kupeleka barua aitwaye Mary of Exeter. Safari moja alipotea siku nne, akarudi kidari na shingo vimepasuliwa na kipanga. Alishonwa, akapona, akarudishwa kazini. Safari nyingine alirudi na kipande cha bawa kimeondoka kwa risasi na vyuma vidogo vitatu mwilini. Mwaka 1945 alipewa nishani ya Dickin, wanayopewa wanyama wa vitani. Angekuwa wa mtu mwenye haraka ya kuchinja, hadithi yake ingeishia kwenye safari ya kwanza.

Basi mchelewaji akitua, msome. Mshike kwa utulivu, mabawa yamekunjwa, na upapase mfupa wa kidari. Ukiwa mkali kama ukingo wa kisu na mfuko wa chakula wa shingoni ni mtupu, alikuwa njiani, alihangaika. Ukiwa umefunikwa na nyama na mfuko umejaa mahindi, alikaa kwenye banda la mtu akila. Huyo ana dira lakini hana hamu ya kwao. Mtazame mkia na mgongo, kipanga huacha pengo la manyoya na mikwaruzo. Kunjua bawa uhesabu yale manyoya makubwa kumi ya mwisho. Ikiwa mawili au matatu yameanguka na mapya ni mafupi, alikuwa akibadilisha manyoya, na kosa ni la aliyemtuma.

Mwisho mfungue mdomo. Utando wa manjano kooni kama jibini ni ugonjwa wa vijidudu unaoenezwa kwa maji ya kunywa na kwa wazazi wanapolisha makinda. Shingo inayojipinda na kinyesi cha maji mengi ni dalili za ugonjwa wa jamii ya kideri cha kuku. Mtenge mara moja na umwite mtu wa mifugo. Kwa vyovyote, aliyelala nje asichanganywe na wenzake kabla ya siku kumi, maana hujui alikunywa wapi.

Yupo pia mchelewaji wa juu ya bati: amefika mapema, lakini anakaa paani nusu saa akijisafisha huku wewe unampigia miluzi. Huyo hakosi njia, amekosa malezi. Mlishe ndani tu, baada ya kuruka, mpaka awe anaingia unapotikisa kopo la mtama.

Hukumu basi inatoka wapi? Kwenye daftari. Kila ndege awe na pete mguuni, iliyovishwa akiwa kinda wa wiki moja hivi, na kila safari iandikwe: mahali, saa ya kufunguliwa, saa ya kutua, hali ya hewa, hali ya mwili. Kinda wa mwaka wa kwanza hahukumiwi kwa safari moja, bado anajifunza. Mkubwa mwenye afya, akichelewa mara moja, muulize siku. Akichelewa mara ya pili, badilisha hamu yake: mtume akiwa na mayai ya siku kumi kiotani, kwani njiwa huatamia siku 17 au 18, dume na jike kwa zamu, na kiota huvuta kuliko chakula. Akichelewa mara ya tatu katika asubuhi safi, wenzake wakiwa wameshafika, mwili hauna jeraha wala ugonjwa, mtoe kwenye mashindano. Na usimzalishe kwa huruma, maana mwendo na dira hurithiwa kwa sehemu.

Nasema haya kwa sababu huruma nayo ina gharama. Njiwa mmoja hula gramu 30 hadi 40 za nafaka kwa siku. Wachelewaji sugu kumi, kwa gramu 35 kila mmoja, wanamaliza karibu kilo 128 kwa mwaka. Hayo ni mahindi ambayo watoto wa nyumba hiyo wangeyala. Anayetolewa ana kazi nyingine: jike mpole huatamia vizuri mayai ya wengine, dume mzuri huuzwa kwa wanaopenda rangi, na aliyebaki ni mboga halali ya Jumapili. Banda si nyumba ya wazee, na wala si machinjio ya hasira.

Nilimrudia yule jike wa Mudzipela. Mfupa wa kidari ulikuwa mkali, mfuko wa chakula mtupu, macho maangavu, koo safi. Mkiani palikosekana manyoya matatu, na juu ya mgongo palikuwa na mikwaruzo miwili iliyoanza kukauka. Nikamuuliza mwenyewe kama jike huyo aliwahi kuchelewa kabla. Akafikiri, akasema labda mara moja, au alikuwa yule mwenzake wa kijivu, hakumbuki vizuri.

Nikamwambia amtenge siku kumi, ampe maji safi na nafaka kidogo kidogo, amngoje mkia uote, kisha aanze naye karibu, Nyankunde, asubuhi. Na kabla ya yote anunue daftari la shule. Alirudi nalo kesho yake kunionyesha ukurasa wa kwanza, ameandika kwa mwandiko mkubwa: "Komanda. Siku nne. Mkia pungufu. Amefika."