Bima ya Nyumba: Tusome Kabla ya Kutia Saini

Masika yanapoingia Unguja na Pemba, kila mwenye nyumba hutazama juu. Mwenye makuti hutazama makuti yake, mwenye mabati hutazama misumari. Wachache ndio wanaotazama sandukuni kuona kama hati ya bima imo, na wachache zaidi ndio waliokwisha kuisoma. Tumeona yafaa leo tulizungumze jambo hili kwa faida ya wananchi wanaotaka kukata bima ya nyumba zao, na kwa faida ya maofisa waliokabidhiwa nyumba za umma.

Bima si jambo geni visiwani. Shirika la Bima la Zanzibar liliundwa mwaka 1969, na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliiweka biashara hii, Bara na Visiwani, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Hata hivyo, wengi wetu huijua bima kwa ajili ya gari, kwa kuwa askari wa barabarani huiulizia. Nyumba haina askari wa kuisimamisha njiani. Aikatiaye bima nyumba yake hufanya hivyo kwa hiari, na aghalabu kwa haraka, akitafuta ada iliyo ndogo kuliko zote. Hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni la kutaja thamani isiyo ya kweli. Tuchukue mfano. Nyumba ambayo kuijenga upya kungegharimu shilingi milioni 80 imekatiwa bima ya milioni 40, ili ada ipungue. Moto unatokea jikoni na kuharibu mali ya milioni 20. Mwenyewe anadhani atalipwa milioni 20 zote, kwa kuwa hazijafika 40. Halipwi hivyo. Mikataba mingi ya mali ina kanuni ya wastani, nayo husema kwamba aliyekata bima ya nusu atalipwa nusu ya hasara. Atapata milioni 10, na ile nusu nyingine ataitafuta mwenyewe. Hakuna aliyemdhulumu, ni hesabu iliyomo katika karatasi aliyoitia saini.

Yatupasa pia kufahamu ni thamani gani inayotakiwa. Si bei ambayo mtu angeiuza nyumba, kwa kuwa bei hiyo ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Inayotakiwa ni gharama ya kuijenga upya: mawe, saruji, mbao, mabati, ujira wa mafundi, na hata gharama ya kuondoa kifusi. Kwa sisi tuliozungukwa na bahari, gharama hiyo huongezwa na nauli ya chombo. Mfuko wa saruji uliovushwa mpaka Wete hauwezi kuhesabiwa kwa bei ya Dar es Salaam. Tena hesabu ya miaka mitano iliyopita haifai leo. Kila mwaka bima inapohuishwa, thamani nayo itazamwe upya. Kuizidisha thamani nako hakuna tija, maana bima hulipa hasara iliyopatikana, haimtajirishi mtu.

Kosa la pili ni kudhani kwamba bima ya moto ni bima ya kila kitu. Mkataba wa kawaida wa moto huanza na moto wenyewe na radi. Dhoruba, mafuriko, tetemeko la ardhi, kupasuka kwa mabomba ya maji na fujo za watu huwa ni nyongeza, na kila nyongeza ina ada yake. Wako watakaosema kwamba visiwa vyetu havina vimbunga. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Ni matukio ya nadra, lakini ada ya nyongeza si kubwa ikilinganishwa na paa zima lililochukuliwa na upepo.

Kwa upande mwingine, liko jambo ambalo bima ya kawaida hailibebi kabisa, nalo ni uchakavu. Wakaazi wa Mji Mkongwe wanalijua vyema. Mvua hupenya paa, chokaa hulainika, boriti huoza kichwani palipozama ukutani, na siku moja sakafu hushuka. Beit el Ajaib, jengo la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili walifariki. Nyumba nyingi za mawe zina maradhi ya namna hiyo hiyo, na dawa yake ni fundi wa chokaa. Wakala anayemwambia mtu kwamba hati yake itamlipia ukuta uliooza kwa miaka 30 hasemi kweli.

Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu, na mwenye nyumba ana wajibu wa kusema bila ya kuulizwa mara mbili. Paa la makuti litajwe kuwa la makuti. Nyumba iliyokuwa ya familia na sasa inapangishwa watalii si ile iliyokatiwa bima. Imebadili kazi, na kampuni lazima ijulishwe. Ndugu zetu walioko Muscat au Uingereza nao wawe na hadhari: mikataba mingi hupunguza au huondoa kinga pale nyumba inapokaa tupu kwa muda uliotajwa, mara nyingi siku 30. Aidha, bima ya jengo haigusi makabati, majokofu wala vyombo vya dhahabu. Mali ya ndani hukatiwa bima yake, na vitu vya thamani huorodheshwa kimoja kimoja.

Lipo suala moja la hapa kwetu ambalo mawakala hawalitilii mkazo. Nyumba nyingi ni za warithi ambao hawajagawana, au ni za wakf. Anayekata bima sharti awe ni mtu ambaye hasara ya nyumba hiyo itamfika. Mrithi mmoja akikata bima kwa jina lake pekee, siku ya fidia utazuka ugomvi, ama baina yake na kampuni, ama baina yake na ndugu zake. Majina ya wote yaandikwe tangu mwanzo. Na aliyekopa benki asijione yuko salama kwa kuwa benki imemkatia bima. Huenda bima hiyo inalinda deni tu.

Maofisa nao tunawaomba mambo mawili. Mara nyingi hati hizi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, nasi twaona hakuna sababu ya mwananchi wa Makunduchi kutia saini jambo asilolielewa. Nakala ya Kiswahili iwe ni haki yake. Na nyumba za Serikali zenyewe, skuli na vituo vya afya, vipimwe thamani yake na iwekwe orodha, kwani huwezi kukinga kitu usichokijua bei yake. Kwa wale ambao dini yao inawazuia kukata bima ya kawaida, bima ya takafuli imeanza kutolewa nchini. Nayo isomwe kwa makini yale yale.

Ada ilipwe kwa kampuni au wakala mwenye leseni, na risiti idaiwe hapo hapo. Ikitokea hasara, kampuni ijulishwe ndani ya muda ulioandikwa, polisi na sheha wapewe taarifa, picha zipigwe, wala mabati yaliyoungua yasiuzwe kabla ya mtathmini kuyaona. Kampuni ikikataa kulipa, itakiwe itoe sababu zake kwa maandishi. Mwananchi asiyeridhika anaweza kuzipeleka karatasi hizo kwa Mamlaka, ambayo ina ofisi hapa Zanzibar, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.