Punguzo na Hatima ya Nyumba za Halmashauri England

Sheria ya Makazi ya mwaka 1980, iliyopitishwa wakati wa serikali ya Margaret Thatcher, iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri, yaani nyumba ambazo serikali za mitaa humiliki na kuzipangisha kwa kodi nafuu, haki ya kuzinunua kwa bei iliyo chini ya ile ya soko. Kabla ya hapo halmashauri ziliuza zilipopenda. Baada ya hapo mpangaji aliyetimiza masharti hakuweza kukataliwa, na England pekee imeuza karibu nyumba milioni mbili.

Kinachoiendesha biashara hii ni punguzo. Lilianza kwa asilimia 33 kwa mpangaji wa miaka mitatu na kupanda hadi 50, na kwa kuwa fleti zilisuasua sokoni kuliko nyumba zenye viwanja vyake, mwaka 1986 punguzo la fleti liliruhusiwa kufika asilimia 70. Juu ya asilimia hizo huwekwa kikomo cha fedha, na kikomo hicho ndicho huamua nani ananunua. Kwa mpangaji wa miaka 15 katika fleti ya London yenye thamani ya pauni 400,000, asilimia 70 ingekuwa pauni 280,000, lakini kikomo cha kuanzia Aprili mwaka 2024 kiliishia pauni 136,400. Tangu tarehe 21 Novemba mwaka huo, sehemu kubwa ya London hupata pauni 16,000 tu, hivyo bei ya fleti hiyo imepanda kutoka 263,600 hadi 384,000. Haishangazi kwamba halmashauri zilifurikwa na maombi kabla ya tarehe hiyo, wala kwamba mpangaji wa kipato cha kawaida, anayetegemea mkopo wa benki, sasa hana tena njia.

Mwombaji hujaza fomu, halmashauri humjibu ndani ya wiki nne kama anastahili, kisha humpelekea taarifa ya bei: ndani ya wiki nane kwa nyumba inayouzwa pamoja na kiwanja chake, na ndani ya wiki 12 kwa fleti, ambayo huuzwa kwa umiliki wa muda maalumu, kwa kawaida miaka 125, huku jengo lenyewe likibaki mali ya halmashauri. Taarifa hiyo inastahili kusomwa mstari kwa mstari, kwani ndani yake yamo makadirio ya ada ya huduma na matengenezo ya miaka mitano ya mwanzo, na katika kipindi hicho mnunuzi hutozwa kulingana na makadirio hayo, pamoja na nyongeza ya mfumuko wa bei. Muda huo ukiisha, paa likiezekwa upya au lifti ikibadilishwa, kila mmiliki hulipa sehemu yake, na hapo ndipo wengi walionunua kwa furaha wamejikuta na ankara wasizozimudu. Anayeuza ndani ya miaka mitano hurejesha punguzo, lote katika mwaka wa kwanza na kwa kupungua kila mwaka baadaye, likikokotolewa kwa asilimia ya thamani ya wakati wa kuuza, hivyo bei ikipanda na deni hupanda nayo.

Dosari kubwa haikuwa kuuza, bali kuzinyima halmashauri fedha za kujenga nyingine. Sheria ya mwaka 1989 ilizilazimu kutumia asilimia 75 ya mapato ya mauzo kulipia madeni, na nyingi ya nyumba zilizouzwa hazikupata mbadala. Fleti nyingi zilizouzwa leo hupangishwa na wamiliki binafsi kwa kodi ya soko, na serikali huilipa sehemu ya kodi hiyo kwa niaba ya wapangaji maskini, hali ambayo mwandishi yeyote wa uchumi anapaswa kuiita hasara. Uskoti ilifuta haki ya kununua mwaka 2016 na Wales mwaka 2019.

England haikuifuta. Mwaka 2024 halmashauri ziliruhusiwa kubaki na mapato yote ya mauzo, na mwaka 2025 serikali ikatangaza nia ya kuongeza muda wa upangaji unaohitajika kutoka miaka mitatu hadi 10 na ya kuzilinda nyumba mpya dhidi ya ununuzi kwa miaka 35, hatua ambayo ingeondoa sababu ya halmashauri kusita kujenga nyumba ambazo zingelazimika kuziuza kwa hasara kabla ya kumaliza kuzilipia.