Tairi la mbele la Peugeot 504 linakwaruza? Tafuta alama kabla ya kununua spea

Dereva anakata kona kuingia maegesho, anasikia "kwaruu" mbele upande wa kushoto. Siku ya pili sauti inatokea gari likipanda tuta. Wiki moja baadaye tairi jipya lina mkwaruzo ubavuni, na kila fundi ana jibu lake: ni springi, ni bushi, ni rimu, ama gonga fenda kwa nyundo yaishe.

Kwa mwenye Peugeot 504, ushauri wa namna hii unaweza kumaliza mshahara na sauti ibaki palepale. Kumbe gari lenyewe linasema tatizo liko wapi, mradi mtu achunguze kwanza tairi linagusa nini, na linagusa wakati gani.

Pijo, kama wengi wanavyoliita, si gari geni huku. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968. Ove Andersson alishinda Safari Rally nalo mwaka 1975, kisha Jean-Pierre Nicolas akashinda mwaka 1978 akiwa na 504 Coupé yenye injini ya V6. Ufaransa iliacha kutengeneza saloon yake mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuunganisha 504 kwa miaka mingi baada ya hapo. Zile za mgongo mrefu zilibeba abiria kati ya miji hadi zikachoka.

Zilizobaki leo zimepita mikononi mwa watu wengi. Moja inaweza kuwa na springi za gari jingine, rimu za gari la tatu, na tairi lililonunuliwa kwa sababu ndilo lililopatikana dukani. Ndiyo maana kubahatisha hakufai.

Chaki ya shilingi chache

Kifaa cha kwanza ni chaki. Paka mabega yote mawili ya tairi, la ndani na la nje, kuzunguka duara zima. Endesha polepole pale sauti inapotokea, kisha simama uangalie chaki imefutika wapi. Sikio linadanganya, kwa sababu sauti ya chuma husafiri na kuonekana inatoka sehemu nyingine.

Chaki ikifutika duara zima, kuna kitu kimesimama karibu mno na tairi. Ikifutika kipande kimoja tu kwenye barabara laini iliyonyooka, na sauti inakuja kwa mapigo yanayoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, basi rimu imepinda au tairi limevimba. Hapo shokapu haina kosa.

Halafu chungulia ndani ya tundu la gurudumu kwa tochi. Sehemu iliyoguswa huwa inang'aa, haina vumbi wala kutu. Hiyo ndiyo nusu ya jibu.

Linagusa guzo, au linagusa bodi?

Swali hili ndilo linalookoa pesa. Mbele ya 504, shokapu imesimama katikati ya springi, na kwa chini guzo lake limeshikana na habu ambayo gurudumu limefungwa. Maana yake tairi na guzo la shokapu vinapanda na kushuka pamoja, na ukikata usukani vinageuka pamoja. Umbali kati yao haubadiliki gari likibeba mzigo, wala bushi zikiisha.

Kwa hiyo tairi likikwaruza guzo au kile kisahani cha chuma kinachobeba springi, kubadilisha springi ni kutupa pesa. Kubadilisha bushi za mkono wa chini pia. Wanaobaki kushukiwa ni wanne tu: tairi pana, rimu isiyo ya gari hilo, beringi ya habu iliyolegea, au guzo lililopinda baada ya kuingia shimoni.

Tairi pana ndilo mshukiwa wa kila siku. 504 nyingi zilikuja na tairi la upana wa 175 kwenye rimu ya inchi 14. Mtu akiweka 205/70 mahali pa 175/80, urefu unaongezeka kidogo sana, kama milimita 3.5 kutoka katikati ya gurudumu hadi juu. Kwa macho tairi linaonekana lilelile. Lakini upana umeongezeka milimita 30, yaani 15 kila upande, na 15 za ndani zinaelekea moja kwa moja kwenye guzo.

Rimu nayo ina ujanja wake. Rimu mbili za inchi 14 zinaweza kuwa na matundu yanayolingana na zikaingia vizuri, ila sehemu inayokaa kwenye habu iko ndani zaidi kwa moja kuliko nyingine. Tofauti ya sentimita moja inatosha kusogeza tairi zima.

Kutenganisha gurudumu na guzo ni rahisi. Badilisha magurudumu ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto. Mkwaruzo ukihama, kosa ni la rimu au tairi. Ukibaki upande uleule, pima nafasi kati ya tairi na guzo pande zote mbili. Zisipolingana ilhali beringi ni nzima, guzo limepinda. Guzo lililopinda halinyooshwi kwa moto na nyundo, hata kama fundi ana mikono ya dhahabu.

Wengine hukimbilia kuweka visahani vya kusogeza gurudumu nje. Tairi litaacha kugusa guzo, sawa, lakini linaweza kuanza kula fenda. Isitoshe, beringi inabeba mzigo kwa mkao ambao haikutengenezewa, na boliti zinabaki na nyuzi chache za kushika. Kwa gari la miaka 40 na zaidi, hilo si jambo la kujaribu kwenye barabara kuu.

Likigusa fenda

Hapa ndipo springi na bushi zinaingia kwenye orodha ya washukiwa. Weka gari mahali tambarare, sawazisha upepo wa matairi, kisha pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia. Usipime kutoka ardhini, maana tairi lenye upepo kidogo litakudanganya.

Upande mmoja ukiwa chini kwa zaidi ya sentimita moja, usikimbilie bado kununua springi ya mbele. Springi ya nyuma iliyochoka hulaza gari, na ulalo huo huonekana hadi mbele. Inua sehemu ya nyuma kwa jeki moja katikati kabisa, kiasi kwamba nyuma haisukumi upande wowote, kisha pima mbele tena. Tofauti ikitoweka, mgonjwa yuko nyuma. Ikibaki, kagua springi ya mbele, hasa mzunguko wa chini kabisa, ambako matope hukaa, kutu hula na chuma hukatika bila mtu kujua.

Zile raba zinazobanwa katikati ya mizunguko ya springi zinainua gari, ni kweli. Lakini zinazuia sehemu ya springi kufanya kazi na kuifanya iwe ngumu, na iliyokatika inabaki imekatika.

Kuna mkwaruzo mwingine unaotokea dereva akikanyaga breki tu. Gurudumu linarudi nyuma kidogo ndani ya tundu lake na kugusa upande wa nyuma wa fenda. Mara nyingi hizo ni bushi za mkono wa chini. Pima umbali kutoka habu ya mbele hadi ya nyuma, kila upande, usukani ukiwa umenyooka. Kwa saloon ni kama mita 2.74. Upande mmoja ukiwa mfupi, ama bushi zimekwisha, ama mkono umepinda, ama gari liliwahi kugonga na mwenye kuliuza hakusema.

Na kama linakwaruza usukani ukikatwa hadi mwisho upande mmoja tu, angalia tairodi. Fundi akiziweka bila kulinganisha urefu, gurudumu hukata zaidi upande huo na kufika pasipotakiwa.

Shika, tikisa, angalia bomba la breki

Kabla ya kuagiza chochote, inua gurudumu na uweke stendi. Jeki peke yake haitoshi kabisa. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukiendelea, tazama boljointi ya chini. Ukishika kushoto na kulia likacheza, anza na tairodi.

Usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, angalia pia bomba la raba la breki, kila upande. Tairi linaloweza kugusa chuma linaweza kugusa bomba hilo, na bomba likitoboka mafuta ya breki yanamwagika na breki za mbele zinapotea.

Tairi nalo likaguliwe bila huruma. Mkwaruzo kwenye kashata unaweza kuvumilika kama hauna kina. Ubavuni ni habari nyingine: nyuzi zikionekana, tairi hilo halizibwi, linatolewa. Ubavu ndio unaojikunja kila mzunguko, na ukipasuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gurudumu la mbele linavuta usukani upande wake.

Alaimenti hufanywa mwisho, spea zikishafungwa na gari limeshushwa limesimama kwa uzito wake. Kuifanya mapema ni kulipa mara mbili, kwa sababu kila bushi au tairodi inayobadilishwa inavuruga vipimo. Na boliti za bushi za mkono wa chini zikazwe gari likiwa chini. Zikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia, raba inabaki imejinyonga na itaisha mapema.