Mavuno Bila Shamba

Jumapili ya mavuno katika makanisa ya Kianglikana ya Eastlands, Nairobi, watu hawaingii mikono mitupu. Mama wa Jericho amebeba boga alilonunua jana soko la Muthurwa. Kijana wa Makongeni, ambaye hana hata chungu cha maua dirishani, ana mkungu wa ndizi begani. Kuku amefungwa miguu chini ya benchi, na mahubiri yakirefuka yeye ndiye wa kwanza kulalamika.

Ibada ikiisha, mnada unaanza uani. Boga la shilingi mia mbili linafika elfu moja, na aliyelinunua analirudisha mezani liuzwe tena. Kuku anaweza kununuliwa mara tatu asitoke uani, hadi mtu aamue apelekewe nyanya fulani anayeishi peke yake. Siku hizi malipo ni ya M-Pesa, lakini boga lazima lionekane.

Mgeni atauliza: mavuno gani, na shamba liko wapi? Ajue kwanza mitaa hii ilijengewa nani. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika, na mitaa kadhaa iliyofuata ilikuwa ya vyumba vya vibarua, choo cha pamoja, kodi kwa baraza la mji. Mkoloni alimtaka mwanamume afanye kazi, mke abaki ushago, na nguvu zikimwishia arudi kwao. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, askari waliizingira Nairobi wakawasomba maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru hadi kambini. Majina ya mitaa yenyewe yamebeba majonzi ya miaka hiyo: Mbotela ni Tom Mbotela, aliyeuawa 1952, na Ofafa ni diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa 1953. Mwaka 1957 kituo cha jamii cha St. John's kikafunguliwa Pumwani, penye misikiti na makanisa yanayosikilizana adhana na kengele.

Kwa hiyo mtu ambaye mji ulimhesabu kuwa mpangaji tu, kanisani alikuwa mwenyeji. Alichaguliwa mzee wa kanisa, akashika funguo, akagombania rangi ya dari. St. Stephen's ya Jogoo Road ina watu ambao kodi imewahamisha mitaa minne, lakini benchi lao ni lile lile. Baadhi ya wazee bado huliita kanisa kwa jina la zamani, CPK, ingawa kanisa lilichukua jina la ACK mwaka 1998.

Wenye nyumba hasa kanisani ni akina mama wa Mothers Union. Chama hiki alikianzisha Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, lakini ukiwaona Eastlands katika sare zao za bluu na nyeupe utadhani kilizaliwa Maringo. Wao ndio wanaojua nani amelazwa, nani amejifungua, jiko la nani halijawashwa. Kwa kawaida sharti lao ni ndoa ya kanisani, na ndiyo maana utaona wazee wenye wajukuu wakisomewa matangazo ya ndoa Jumapili tatu mfululizo: wameishi njoo-tukae miaka thelathini, sasa mama anataka sare. Harusi hizo huchekesha na kuliza. Ila sharti hilo humwacha nje mama aliyelea watoto peke yake, naye mara nyingi ndiye anayeosha sufuria za chama. Kwa maoni yangu, hapo kanisa lina deni.

Kifo kikitokea, mikutano huwa jioni nyumbani kwa marehemu: sala, chai, daftari la michango. Karibu kila mara safari ni ya ushago, Siaya au Murang'a, na basi la kwaya hufuata jeneza. Wanaotoka mtaani kumzika mwenzao mara nyingi hawasemi hata lugha ya huko.

Nawe ukialikwa mavuno, pitia Muthurwa mapema. Na ukishinda boga mnadani, tafadhali usiende nalo nyumbani.