Nguo za Safari ya Pwani na Nyanda za Juu

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili la muhula ili nieleze jambo ambalo wengi wetu hulidhania dogo, nalo ni namna ya kuchagua na kufunga nguo za safari, hasa safari ya kupita miji kadhaa ambayo hali zake za hewa hazifanani. Sisi wa Madungu tumezoea safari za Wete, Mkoani na Unguja, na safari hizo hazitaki hesabu kubwa. Mtu hutia nguo tatu katika mkoba, akaongeza kikoi na mswaki, akaenda zake. Lakini siku hizi wengi wetu huenda mbali zaidi wakati wa likizo. Mimi nilikwenda, nikakosea, na kosa langu likamwangukia mtu asiyekuwa na kosa. Ndiyo maana naandika.

Likizo ya katikati ya mwaka jana, mwezi wa Juni, tulifunga safari ya kwenda Njombe kumzuru mjomba wangu anayefanya kazi huko, ambaye mkewe alikuwa amejifungua. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu wa miaka saba, ambaye ana maradhi ya pumu. Njia yetu ilikuwa hivi: boti kutoka Mkoani hadi Unguja, boti nyingine hadi Dar es Salaam, kisha treni ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, hadi Dodoma, na kutoka hapo mabasi hadi Iringa na Njombe.

Kazi ya kufunga sanduku mama alinipa mimi. Alisema, "Wewe ndiye unayesoma jiografia, mwanangu." Akaweka juu ya kitanda sweta mbili za sufi, moja yangu na moja ya mdogo wangu, akatoka kwenda kupika. Mimi nikazitazama zile sweta nikaona ni kuukuu, tena zinachukua nusu ya sanduku. Nikajiambia kwamba jua la Juni ni lile lile popote katika nchi yetu. Basi nikazisukuma chini ya godoro, na mahali pake nikatia viatu vyangu vya pili na mashati mawili ya Idi.

Dar es Salaam hatukuona tofauti. Dodoma mchana palikuwa na jua kali, lakini usiku baridi kavu ilitupasua midomo, tukalala tumejifunika kanga. Iringa tulitetemeka. Hata hivyo sikusema neno, kwa kuwa kusema kungekuwa kujishitaki.

Njombe tulifika baada ya Magharibi. Mjomba alikuwa amechelewa kufika stendi, ikatubidi tungoje. Pumzi zetu zilionekana kama moshi. Mama akafungua sanduku hapo hapo chini ya taa, akatoa nguo moja moja akitafuta sweta, na alipofika chini kabisa akakuta viatu vyangu. Akanitazama, hakusema kitu. Akamfunga mtoto kwa kanga mbili, akamvisha na baibui lake juu, yeye mwenyewe akabaki na gauni jepesi la pwani mpaka mjomba alipofika.

Usiku ule kifua cha mdogo wangu kilibana. Dawa yake ya kuvuta haikutosha, ikabidi mjomba atafute gari ampeleke hospitali. Alipata nafuu karibu na alfajiri. Daktari alitueleza kwamba hewa baridi na kavu ni miongoni mwa mambo yanayoamsha pumu. Asubuhi mama akaenda soko la mitumba akanunua sweta mbili kwa fedha alizokuwa ameziweka za zawadi za kurudi nazo nyumbani. Mimi nilivikwa kabuti la mjomba, na sikuwa na uso wa kumtazama mtu.

Sasa niache habari zangu nieleze sababu, kwani mtu akijua sababu hahitaji kukumbushwa na mwingine.

Sababu ya kwanza ni urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari. Kwa kadiri, kila mtu apandapo mita 1,000 joto hupungua digrii 6 au 7 za Sentigredi. Chake Chake iko karibu na usawa wa bahari. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100, Iringa hupita mita 1,500, na Njombe hukaribia mita 2,000. Basi fanyeni hesabu. Ikiwa usiku wa Juni hapa kwetu ni digrii 22, ondoa 13 kwa ajili ya mita 2,000 za Njombe, utabakiwa na 9. Ni hesabu ya kadiri tu, kwani upepo na mawingu nayo yana neno lake, lakini ingetosha kunifanya niziache sweta zile ndani ya sanduku. Nilikuwa nikiijua hesabu hiyo darasani, ila sikuipeleka kwenye sanduku.

Sababu ya pili ni majira. Sisi tuko kusini ya Ikweta, Pemba kwenye digrii 5 na Njombe kwenye digrii 9 hivi. Mwezi wa Juni jua la utosi liko mbali kaskazini, kwenye Tropiki ya Kansa. Kwa hivyo wakati watu wa Ulaya wanavua makoti, watu wa Njombe, Makete na Mbeya ndio wanayavaa. Sisi tunaita wakati huo kipupwe, na kipupwe chetu ni cha kupendeza. Kipupwe cha nyanda za juu kusini ni kitu kingine, na katika uwanda wa Kitulo asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa jalidi.

Sababu ya tatu ni bahari. Maji hushika joto kwa muda mrefu, na hewa yenye mvuke huzuia joto lisipotee usiku. Ndiyo maana kisiwani mchana na usiku havipitani sana. Bara ndani, mahali pakavu kama Dodoma, mbingu huwa wazi na ardhi hupoteza joto lake upesi mara jua likitua. Msafiri akifika mchana hudanganyika.

Baada ya sababu, namna ya kufunga. Haya nimeyapata kwa kuuliza na kwa kujaribu.

Kwanza, andika njia yako kwenye karatasi, mji kwa mji, na mbele ya kila mji andika urefu wake na saa utakayofika. Atakayefika saa sita mchana na atakayefika saa tatu usiku hawavai nguo moja.

Pili, muulize mwenyeji, na umuulize habari za usiku na alfajiri. Ukimwuliza tu, "Huko kuna baridi?" atakujibu, "Kidogo," kwa sababu yeye amezoea.

Tatu, chukua nguo za kuvaliwa moja juu ya nyingine, usitegemee nguo moja nene. Kinachotia joto hasa ni hewa iliyotuama ndani ya nguo na baina ya nguo na nguo. Mto wa usufi ni mwepesi, nao hutia joto kwa sababu ya hewa iliyokwama ndani yake. Fulana, juu yake shati, juu yake sweta, na juu ya yote jaketi isiyopitisha upepo, hushinda kabuti moja zito. Tena mtu aweza kuzivua moja moja kadiri anavyoteremka kurudi pwani.

Nne, usichukue nguo kwa idadi ya siku. Kwa safari ya siku kumi mvulana zamtosha fulana na mashati manne, suruali mbili, kanzu moja, vikoi viwili, sweta, jaketi, kofia ya sufi, nguo za ndani tano na soksi jozi nne. Msichana zamtosha magauni mawili au matatu, suruali ya kuvaa ndani yake, kanga doti mbili, baibui, mtandio mzito, na sweta na soksi kama za mwenzake. Viatu ni jozi moja ya kufunika miguu, na ndara za kuogea. Jozi ya pili ya fahari iache nyumbani. Yangu nilizunguka nayo mikoa kadhaa bila kuivaa hata siku moja.

Kanga na kikoi zastahili kutajwa peke yake. Kanga ni shuka, ni taulo, ni mtandio, ni pazia la dirisha la basi, na ni mfuko wa kufungia nguo chafu. Jambo hili la mwisho si dogo, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na huko Bara katazo hilo lilianza tarehe 1 Juni 2019.

Tano, jua pa kufulia. Hapa kwetu, kwa unyevu wa hewa, suruali nzito yaweza kuchukua siku mbili kukauka, na nguo ikitiwa mkobani na unyevu huota ukungu na kunuka. Dodoma, kwa ukavu wa Juni, nguo iliyoanikwa asubuhi mara nyingi huwa kavu adhuhuri. Basi panga kufua katika mji mkavu, wala usingoje mji wa baridi na mawingu.

Sita, nguo za joto zisiwe chini ya sanduku, wala usizipeleke kwenye buti la basi. Ziwe katika mkoba wa mkononi, pamoja na dawa. Utazihitaji mapema kuliko unavyodhani, kwani ndani ya boti na treni huwa kuna baridi ya mashine. Tena miezi ya kusi bahari ya Mkondo wa Pemba huchafuka, na mtoto akitapika ni lazima uwe na nguo ya kumbadilisha karibu.

Saba, na hili kwangu ndilo kubwa, usifunge sanduku kwa ajili ya nafsi yako tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani hauoni uzito wake asiyeubeba. Kabla ya kutia nguo yako ya kwanza, tia za mtoto, za mzee na za mgonjwa. Vijana wenye afya waweza kuvumilia usiku mmoja wa baridi, lakini mwenye pumu hawezi.

Huenda msomaji akasema, "Mimi siendi Njombe." Haya, lakini wengi wetu tuna jamaa Oman, na wako wanaokwenda kuwatembelea wakati huu huu wa likizo. Kanuni ni ile ile. Mwezi wa Julai joto la Maskati mara nyingi hupita digrii 40, na nguo nyepesi pana za pamba ndizo zifaazo. Lakini akienda Salalah, kusini ya nchi hiyo hiyo, atakuta majira ya kharifu, ambayo huanza Juni hadi Septemba, na huko kuna ukungu, manyunyu na vilima vya kijani, na joto halifiki digrii 30 siku nyingi. Na akipelekwa Jabal Akhdar, mlima ambao watu wake hukaa kwenye mita 2,000 hivi, jioni ataulizia sweta katikati ya kiangazi cha Uarabuni. Nchi moja, wiki moja, nguo za namna tatu. Jina la nchi halitoshi kumwambia mtu avae nini. Mpaka ajue urefu wa mahali, majira yake na ukaribu wake na bahari.

Bwana Mhariri, mama hajanikaripia kwa jambo lile mpaka leo. Tulipokuwa tukirudi aliniambia mara moja tu, ndani ya boti, "Ungeniambia hazina nafasi, tungepunguza zangu." Maneno hayo yalinikaa kuliko fimbo.

Nyumbani nilizikuta sweta mbili pale pale chini ya godoro, nzima kabisa, hazina tundu wala doa. Nikazianika juani, nikazikunja, nikaziweka ndani ya sanduku tupu. Hazijatoka humo. Safari ijayo, ikiwa ya Njombe au ya Mkoani tu, zitakuwa zimekwisha kuingia kabla yangu.

Nawatakia wasomaji wote, walimu wetu na wazee wetu, likizo njema na safari za salama.